Habu ni namba sita wa gari, isitobolewe kwa mbwembwe

SIKU ya tukio la klabu, Kariakoo inasikika kabla haijaonekana. Tarumbeta linaanza asubuhi, ngoma zinaitikia, vuvuzela zinafuata, na muda si mrefu msafara unajipanga kuelekea Uwanja wa Benjamin Mkapa. Iwe Simba Day au Wiki ya Mwananchi, mzuka ni uleule, kinachobadilika ni rangi tu.

Katika misafara hiyo gari linalopigwa picha sana mara nyingi si basi jipya la klabu. Ni gari la zamani lililofufuliwa: Land Rover 109 iliyoondolewa paa, Peugeot 504 pikapu, Corolla ya enzi za wazee au Volkswagen ya mgongo wa kobe. Limepakwa nyekundu na nyeupe, au njano na kijani. Bendera mbele, wapiga tarumbeta nyuma, na vijana wamening'inia kila penye kishikio.

Wengi wanaangalia rangi. Wachache wanaangalia chini, kwenye matairi. Huko kuna rimu pana zinazong'aa ambazo hazikuzaliwa na gari hilo. Zimetoka kwenye gari la kampuni nyingine, la miaka mingine, lenye idadi nyingine ya nati.

Swali ambalo shabiki haulizi ni dogo tu: zimekaaje hapo?

Jibu liko kwenye habu. Ni kile kipande cha katikati kinachokaa juu ya beringi na kuzunguka pamoja na tairi. Studi zinachomoza kutoka kwenye habu, rimu inavalishwa, nati zinakazwa. Uzito wote wa gari, ngoma, tarumbeta na vijana walioning'inia unapita hapo kabla ya kufika kwenye lami. Dereva akikanyaga breki, nguvu inapita hapohapo.

Kwa lugha ya mpira, habu ni namba sita. Jonas Mkude aliifanya kazi hiyo Simba kwa miaka mingi kabla ya kuvuka mtaa kwenda Yanga mwaka 2023, na bado nyimbo nyingi za jukwaani zilikuwa za wafungaji. Namba sita hasifiwi. Anaonekana siku anapokosekana.

Tofauti ni kwamba namba sita akiumia, kuna benchi. Habu ikivunjika gari likiwa na watu, hakuna sub.

Kwa hiyo hoja ni moja. Tawi linalotaka gari la zamani kwenye msafara litafute rimu zinazoifuata habu, lisiilazimishe habu kuifuata rimu. Na kama habu imeshaguswa, gari hilo libebe bendera, lisibebe watu, mpaka ijulikane ni chuma gani na kimefanywa nini.

MECHI INAAMULIWA GEREZANI

Anayetoka makao makuu ya Simba pale Mtaa wa Msimbazi hahitaji bodaboda kufika Gerezani. Anayetoka makao makuu ya Yanga kule Twiga na Jangwani naye anafika kwa miguu. Watani wa jadi wanagombana kwa kila kitu, lakini spea wanatafuta eneo moja, na vyuma vyao vinakerezwa na mafundi walewale.

Msimu wa matukio ukikaribia, mazungumzo ya pale hayatofautiani sana.

"Shikamoo fundi. Nina rimu za Mark II hapa, nataka zikae kwenye Corolla ya mzee."

"Marahaba mwanangu. Corolla gani?"

"KE70."

"Rimu zako zina matundu matano. Habu ya hiyo Corolla ina manne."

"Si unatoboa tu, fundi? Msafara wenyewe Jumamosi."

Hapo ndipo mechi inapoamuliwa. Yuko fundi atakayewasha drili, kwa sababu asipotoboa yeye atatoboa jirani na hela itaenda kwa jirani. Na yuko fundi atakayeishika ile habu, aigeuze, kisha aulize swali la pili: hiki ni chuma cha aina gani?

Fundi wa pili anaonekana msumbufu. Mteja anamwona anabana, anataka kuongeza bei. Ukweli ni kwamba huyo ndiye anayestahili kulipwa.

HESABU ZA MATUNDU

Kila habu ina duara lake, yaani duara linalopita katikati ya studi zote. Land Rover 109 ina studi 5 kwenye duara la milimita 165.1. Land Cruiser za mfululizo wa 40 zina studi 6 kwenye milimita 139.7. Volkswagen ya kobe ilianza na 5 kwenye milimita 205, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 ikahamia 4 kwenye milimita 130. Corolla KE70 ni 4 kwa 114.3, wakati Corolla za baadaye kama AE100 na AE110 ni 4 kwa 100. Mark II ya GX100 ni 5 kwa 114.3, sawa na Noah.

Namba hizo zinaonekana kama mambo ya darasani, lakini ndizo zinazoua au kuokoa.

Chukua mfano wa kijana wa KE70. Duara la gari lake na la rimu za Mark II ni lilelile, 114.3. Anaona kazi ni rahisi: tundu moja la zamani litumike, yaongezwe manne mapya. Tatizo ni kwamba matundu matano na matundu manne hayagawani duara sawasawa. Sehemu mbili za habu, tundu jipya linaangukia karibu milimita 18 tu kutoka katikati ya tundu la zamani. Studi yenyewe ina unene wa milimita 12. Ukuta wa chuma unaobaki kati ya tundu na tundu haufiki milimita 6.

Fundi akijaribu kuzungusha mpangilio ili asitumie tundu la zamani hata moja, hali inakuwa mbaya zaidi. Popote atakapoanzia, kuna tundu jipya litakaloingiliana na la zamani.

Mwenye KE70 anayetaka rimu za AE110 naye hajapona. Idadi ni ileile, nne, ila duara linapungua kutoka 114.3 hadi 100. Tundu jipya likichimbwa kwenye mstari uleule wa tundu la zamani, katikati yake ni milimita 7 tu kutoka pale. Si matundu mawili tena, ni tundu moja refu kama la kufuli. Akizungusha mpangilio ili matundu mapya yakae katikati ya yale ya zamani, nafasi inapatikana, lakini habu inabaki na matundu manane mahali ilipotengenezewa manne.

Ndiyo maana baadhi ya watu wanayaziba matundu ya zamani kwa kuchomelea, wanapiga msasa, wanapaka rangi, halafu wanatoboa upya. Kwa macho habu inaonekana mpya. Na hapo ndipo swali la chuma linaporudi.

CHUMA SI CHUMA TU

Kwenye magari ya zamani habu hazikutengenezwa kwa chuma cha aina moja. Zipo za chuma cha kumwaga, kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho mafundi wanakiita kasti. Zipo za feleji iliyofuliwa, yaani iliyogongwa ikiwa ya moto mpaka ikapata umbo.

Tofauti kubwa ni kaboni. Kasti ina kaboni ya kuanzia asilimia 2 hadi 4 hivi. Feleji inayofaa kwa habu huwa na karibu nusu ya asilimia moja. Kwenye kasti ya kawaida, kaboni iliyozidi inajikusanya ndani ya chuma kama vipande vya majani makavu. Kila jani ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kasti inabeba uzito wa kukandamizwa vizuri sana, ila ikivutwa au ikipigwa kishindo haipindi. Inakatika.

Mwaka 1943 mtafiti Keith Millis wa Marekani aligundua kwamba ukiongeza magnesi kidogo kwenye chuma hicho kikiwa kimeyeyuka, kaboni inajikusanya kama punje za mviringo badala ya majani. Chuma kikawa kinavumilia kupinda. Baadaye habu nyingi za malori na magari makubwa zikatengenezwa kwa kasti ya namna hiyo. Kwa nje kasti hizi mbili zinafanana. Kwa tabia ni kama mchezaji wa mtaani na wa ligi kuu waliovaa jezi moja.

Kwenye Volkswagen ya kobe kuna jambo la ziada. Mbele, dramu ya breki ndiyo habu yenyewe. Ni kipande kimoja cha kasti. Anayetoboa dramu hiyo akidhani anagusa breki tu, ameshaigusa habu.

Fundi mzoefu hahitaji maabara ili kupata fununu. Akigusisha ukingo wa habu kwenye jiwe la kunolea, kasti inatoa cheche fupi na nyekundu, feleji inatoa cheche ndefu, nyeupe, zinazopasuka kama maua. Akitoboa kidogo, kasti inatoa unga mweusi na vipande vidogo, feleji inatoa nyuzi zinazojikunja. Akigonga kwa nyundo, feleji inalia kama kengele, kasti ya kawaida inatoa sauti iliyokufa. Sumaku ikikataa kushika, basi hiyo ni alumini, na mjadala ni mwingine kabisa.

Kwa nini yote hayo? Kwa sababu kasti haipendi kuchomelewa. Moto wa kuchomelea unayeyusha sehemu ndogo, halafu chuma baridi kilichoizunguka kinaipoza ghafla. Ukanda ulio pembeni ya kidonda unakuwa mgumu kama kioo, na kama kioo, unapasuka. Kazi ya haki inataka habu nzima ipashwe moto kwanza, vitumike vijiti vya nikeli, kisha ipozwe taratibu ikiwa imefukiwa kwenye mchanga au majivu. Kijiti cha kawaida cha kuchomelea geti la nyumba hakifai. Na hata kazi ikifanywa kwa haki, kwenye habu inayobeba watu ni kubahatisha.

MSAFARA UNAKWENDA POLEPOLE, LAKINI...

Utetezi wa kwanza wa mashabiki unajulikana. Msafara unatembea mwendo wa kinyonga, tairi likichomoka gari linainama tu, watu wanacheka, wanapiga picha.

Utetezi huo unasahau mambo mawili. La kwanza, gari hilohilo likishapendwa mjini, linaanza kudaiwa ugenini. Leo Mkapa, wiki ijayo Morogoro, mwezi ujao Tanga kwenye Uwanja wa Mkwakwani, na siku mzuka ukizidi, Mbeya. Huko njiani kuna mteremko wa Kitonga, na Kitonga haiangalii gari limepakwa rangi gani.

La pili, habu haivunjiki siku iliyotobolewa. Inavunjika kwa kuchoka. Kila tairi likizunguka, habu inakunjwa kidogo sana na kurudi. Tairi lenye mzunguko wa mita 2 linazunguka mara 500 kwa kilomita moja. Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, yaani mizunguko 95,000 kwenda tu, bila kurudi. Ufa ulioanzia kwenye ule ukuta wa milimita 6 unasogea kidogo kidogo, safari hadi safari. Dereva haoni kitu. Siku inapokatika, kila mtu anasema lilikuwa zima jana.

Rimu zikiwa pana na kuwekewa spesa ili zitoke nje ya bodi, mzigo unaongezeka bila kilo moja kuongezeka. Ni kama mtaimbo: mkono ukirefuka, nguvu inakua. Tairi likisogezwa nje, beringi na habu vinapigwa zaidi kila gari linapoingia shimoni.

Utetezi wa pili una uzito zaidi. Wapenzi wa Volkswagen Ulaya na Marekani wamekuwa wakitoboa dramu zao kwa miaka mingi ili zipokee rimu za Porsche, 5 kwa 130. Mbona wao wanaruhusiwa? Jibu ni kwamba anayeifanya kazi hiyo vizuri anachagua dramu yenye nyama ya kutosha, au ananunua ambayo haijatobolewa kabisa, na anatoboa kwenye mashine inayogawa duara kwa usahihi. Hashiki drili ya mkono huku mteja amesimama nyuma anaangalia saa.

Utetezi wa tatu ni hela. Habu halisi ya gari la miaka 50 haipatikani kila duka, na ikipatikana bei inaweza kuzidi bei ya rangi zote za msafara. Hilo ni kweli na halina ubishi. Ila ni sababu ya kuiacha habu ya kiwandani kama ilivyo, si sababu ya kuiharibu. Iliyopo ikishatobolewa vibaya, hakuna kurudi nyuma.

WALIOSHINDA HAWAKUPITIA NJIA YA MKATO

Gari la zamani halihitaji rimu za kuazima ili liheshimiwe. Mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ikashinda 1975 na 1978. Magari hayo yaliimarishwa, kweli, lakini heshima yao ilitokana na kumaliza barabara mbovu yakiwa bado na matairi manne.

Peugeot 504 yenye rimu zake za chuma zilizosafishwa na kupakwa rangi ya klabu inapendeza vizuri tu. Anayetaka upana zaidi anaweza kutafuta rimu pana zenye idadi na duara lilelile la gari lake. Akikosa kabisa, kuna bamba la kuunganishia linalofungwa kwa nati juu ya studi za asili, la feleji au alumini iliyofuliwa, lililokerezwa likakaa katikati barabara. Nalo linasogeza tairi nje, kwa hiyo liwe jembamba kadiri linavyoruhusu usalama. Lakini angalau habu inabaki bikira, na siku akichoka anarudisha gari lilivyokuwa.

Wapo pia wakerezaji wanaoweza kutoa habu mpya nzima kutoka kwenye feleji. Wengine hutumia ekseli chakavu ya lori, ambayo ni feleji iliyofuliwa. Ni kazi ya kuheshimiwa, kwa sharti kwamba ile ekseli haikutupwa kwa sababu ilikuwa na ufa.

KAZI NI YA MATAWI

Mashabiki wa Tanzania wanajua kukagua. Mchezaji mpya akitua uwanja wa ndege, kabla hajapanda gari watu wameshajadili goti lake la kulia, enka ya kushoto na mechi alizokosa misimu mitatu. Klabu ikisajili bila vipimo vya afya inasemwa kuanzia Jangwani hadi Msimbazi.

Basi gari linalobeba watoto wa watu nalo lipimwe afya. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo haionyeshi kilichofichwa nyuma ya rimu. Vipimo vyenyewe havihitaji bajeti ya klabu. Siku chache kabla ya msafara gari lipigwe jeki, tairi lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi iangaliwe. Rimu zitolewe. Habu isafishwe, ipakwe mafuta ya taa, iachwe kidogo, ifutwe ikauke, kisha ipakwe unga wa chaki. Penye ufa, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ukionekana mstari, au alama ya kuchomelea, au tundu lililozibwa, gari hilo siku hiyo ni pambo. Lisimame nje ya tawi, lipigwe picha, watu wapande basi.

Nati nazo zikazwe upya baada ya kilomita chache za kwanza tangu rimu zirudishwe, maana rimu ikishakaa vizuri nati zinaweza kulegea.

Halafu kuna heshima ya fundi. Viongozi wa matawi wanachangisha kwa ajili ya fulana, mafuta na tarumbeta. Katika mchango huo iwepo hela ya yule fundi wa Gerezani anayeuliza habu ni chuma gani kabla ya kugusa drili. Leo huyo anapoteza wateja kwa sababu ya kusema hapana, na anayetoboa bila kuuliza anajaza foleni. Mashabiki ndio wanaoamua nani kati ya hao wawili ataendelea kuwa na kazi.

Kijana wa KE70 atakasirika akiambiwa rimu za Mark II zirudi dukani. Atasema msafara umeharibika. Jumamosi itafika, Corolla ya mzee itatoka na rimu zake za zamani, rangi mpya na nati nne kila tairi, na jioni kila aliyepanda atarudi nyumbani kubishana kuhusu namba sita wa timu yake.